Muulize Mwalimu: Wimbo Gani, Chuo Gani, na Nani Atalipa

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaotaka kusomea kuimba, kuigiza au kupiga ala, au kwa wazazi wao ambao usingizi umewapaa. Nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Mwalimu, salamu. Niko Kidato cha Nne, shule ya bweni, nyumbani ni Kayole. Mwaka jana nilikuwa mhusika mkuu katika igizo letu la Tamasha za Drama na tulifika ngazi ya kitaifa. Nataka kwenda Marekani kusomea tamthilia za muziki, zile za kuimba, kuigiza na kucheza densi kwa pamoja. Nimesoma kwamba vyuo vinataka video ya mchujo kwanza, na mwisho wa kuituma ni Novemba au Desemba, wakati ule ule wa KCSE. Sijawahi kufunzwa ballet. Nota sizijui, nasoma solfa tu kama kwaya yetu ya kanisa. Nianzie wapi? — Binti wa Kayole

Mwanangu, anzia kwenye kalenda, maana hiyo ndiyo itakayokuangusha kabla hujafungua kinywa. Video za mchujo hutumwa kati ya Septemba na Desemba. Wakati huo wewe uko bwenini, simu ni marufuku, na mtihani uko mlangoni. Wapo wanaojaribu kurekodi likizo ya Agosti, sauti ikiwa imechakazwa na Tamasha ya Muziki. Sikushauri. Maliza KCSE, pokea matokeo yako Januari, kisha ujipe mwaka mmoja wa kujiandaa ukiwa nyumbani. Majirani watasema umekaa bure; waache waseme. Februari hadi Agosti ni masomo ya sauti, densi na nadharia, pamoja na mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS kwa vyuo vinavyoutaka. Septemba unarekodi. Oktoba unaanza kutuma. Odisheni zenyewe ni Januari hadi Machi, majibu huja Machi na Aprili, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ambayo vyuo vingi vya Marekani vinataka kujua kama unakuja. Baada ya hapo ni foleni ya viza kwenye Ubalozi wa Marekani, Gigiri.

Kisha wimbo. Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi, na si kwa upungufu wa sauti. Vyuo vingi vya tamthilia za muziki vimekubaliana juu ya mchujo wa pamoja ili usirekodi upya kwa kila chuo: nyimbo mbili zinazotofautiana, kila moja sekunde 60 hadi 90, monolojia ya muda kama huo, kipande kifupi cha densi, na mara nyingine video ya ziada isiyozidi dakika moja ambapo unaonyesha chochote ukipendacho. Tofauti ndogo ndogo hubaki, kwa hiyo soma masharti ya kila chuo mstari kwa mstari.

Sekunde 90 ni ubeti mmoja na kiitikio, basi. Hakuna nafasi ya kungoja wimbo upande. Tafuta kipande ambacho mhusika anataka kitu tangu neno la kwanza, na awe mtu wa rika lako. Nimepigia piano mabinti wa miaka 17 wanaoimba uchungu wa mke aliyeachwa baada ya miaka 20 ya ndoa. Sauti inapanda vizuri kabisa, lakini uso haujui kinachosemwa. Jopo halina haja ya noti ndefu kuliko zote Nairobi. Linatafuta mtu linayeweza kumfundisha kwa miaka minne bila kuchoka naye. Na noti ya juu kabisa katika kipande chako iwe ile unayoifikia hata ukiwa na mafua ya Julai.

Sasa nikuambie jambo kuhusu Tamasha za Drama, nawe usinune. Tamasha hizo zimekupa ujasiri, kumbukumbu na pumzi, na hakuna darasa la Marekani litakalokupa hayo kwa wiki moja. Lakini zimekufundisha kuigizia ukumbi wenye wanafunzi elfu mbili, majaji wamekaa mbele na kalamu, na mwenzako wa mwisho kabisa nyuma lazima aone jicho lako likizunguka. Mkono unaelekeza dirishani ukitaja mwezi, unashika kifua ukitaja moyo. Kamera ya simu iko mita mbili kutoka puani mwako. Mbele yake yote hayo yanaonekana kama mtu anayefokea mgonjwa. Monolojia yako ichukue kwenye tamthilia iliyochapishwa, umwambie mtu mmoja, na ujue mtu huyo ni nani. Irekodi ukiwa umeketi mara kadhaa kwanza, mikono mapajani, mpaka maneno yenyewe yafanye kazi. Ndipo usimame.

Ballet usiiogope. Hakuna anayetarajia usimame juu ya vidole. Katika odisheni ya ana kwa ana hufunzwa hatua chache pamoja na kundi, na wanaotazama wanaangalia unajifunza kwa kasi gani na unafanya nini ukikosea. Mwaka mmoja wa madarasa ya msingi unatosha kukufundisha majina ya hatua na namna ya kusimama. Nairobi ya leo ina madarasa hayo, hata Kibera watoto wanafunzwa. Kwa ile video ya densi, kama chuo kinakuachia mtindo, cheza unachokijua mwilini. Mtu anayecheza isukuti vizuri anaonyesha mdundo na nguvu ambazo ballet ya miezi mitatu haitazionyesha.

Na solfa! Wewe unaomba radhi kwa kitu ambacho wenzako wa kule watakulipia soda uwafundishe. Madarasa ya kusoma muziki kwa kuimba katika vyuo vingi hutumia do, re, mi zile zile, do ikihama kulingana na ufunguo wa wimbo, kama kwaya zetu zinavyofanya tangu wamishonari walipotuletea. Sikio lako limeshajengwa. Kinachobaki ni kulihamishia kwenye mistari mitano, nayo ni kazi ya miezi michache kwa mtu mwenye bidii. Fika gredi ya 5 ya nadharia ya ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, ukipumua.

Odisheni za ana kwa ana za vyuo vingi hufanyika kwa pamoja New York, Chicago na Los Angeles. Usiuze shamba la nyanya yako kwa ajili ya tikiti. Vyuo vingi huwasikiliza wanafunzi wa kigeni kwa mtandao. Andikia ofisi ya udahili mapema uombe hivyo. Siku hiyo mwalimu anaweza kukukatiza na kusema, uimbe tena kana kwamba unamficha mama yako siri. Usishtuke ukadhani umeharibu. Huo ndio mtihani wenyewe: anataka kuona kama unaweza kubadilika. Ukiimba vile vile kwa mara ya pili, hata kama ni vizuri ajabu, amekwisha kukujibu.

Sasa nani atalipa. Mwaka mmoja katika chuo cha kibinafsi chenye jina kubwa katika fani hii, kama Carnegie Mellon au New York University, ukijumlisha karo, chumba na chakula, unapita dola 80,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 10. Programu za aina hiyo kwa kawaida huchukua watu kati ya 12 na 25 kwa mwaka, huku waombaji wakipita elfu moja, na ufadhili kamili kwa mgeni ni nadra. Mkopo wa HELB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu, hautakufikisha huko. Ndiyo maana nakuambia kitu ambacho wasichana wa jukwaa hawapendi kusikia: soma hesabu zako. Princeton na Yale hazina shahada ya BFA ya tamthilia za muziki, ile ambayo karibu theluthi mbili ya masomo ni sanaa yenyewe. Lakini zote mbili zinafundisha tamthilia za muziki, zina majukwaa, na zinapoamua kumchukua mwanafunzi wa kigeni haziangalii mfuko wa babake. Zikishamchukua, humlipia pengo lote kwa msaada usiorudishwa. Kuingia huko ni kwa alama, na ni vigumu sana. Video yako inakwenda kama nyongeza. Ukipata A au A ya kutoa, weka chuo kimoja cha namna hiyo kwenye orodha kabla ya vile vya BFA.

Orodha yenyewe iwe fupi, maana kila ombi lina ada, mara nyingi dola 50 hadi 100, na mfumo wa kupokea video unaweza kutoza ada yake juu ya hiyo. Uliza kila chuo kama kinasamehe ada. Wengine husamehe, ila hawatangazi. Ongeza Royal Conservatoire of Scotland ya Glasgow, inayofundisha shahada ya tamthilia za muziki na kupokea maombi kupitia UCAS Conservatoires, mfumo wa pamoja wa vyuo vya aina hiyo Uingereza. Ongeza Tshwane University of Technology ya Pretoria, ambayo nayo ina programu ya tamthilia za muziki na iko barani mwetu. Na hapa nyumbani jaza Kenyatta University. Ushauri kuhusu Marekani unapatikana bure katika ofisi ya EducationUSA iliyo chini ya Ubalozi wao hapa Nairobi.

Mwalimu, mimi ni mama wa kijana wa miaka 18, tunaishi Kariobangi. Anapiga korneti katika bendi ya Jeshi la Wokovu tangu darasa la nne. KCSE alipata C. Sasa hataki kusikia kingine ila chuo cha muziki cha Uingereza. Korneti yenyewe ni mali ya kanisa. Je, anaota mchana? — Mama wa Mwanabendi

Mama, pole kwa presha, na hongera pia. Mtoto aliyeshika ala moja miaka yote hiyo bila kuitupa ana kitu ambacho walimu wa vyuo hawawezi kukifundisha. Tena watoto wa bendi za shaba husoma nota za mistari mitano kuliko wanakwaya wetu wengi, kwa sababu bendi haiendi kwa solfa.

Uingereza si wazo la kipuuzi kwa kijana wa korneti. Huko ndiko bendi za shaba zilikozaliwa, kwenye migodi na viwanda, na Jeshi la Wokovu lenyewe lilianzia London. Chuo kama Royal Northern College of Music cha Manchester kina mila ndefu ya bendi hizo, na mpiga korneti huko ni mwanamuziki kamili. Marekani mambo ni tofauti: vyuo vingi vitamtaka aje na tarumbeta. Vidole ni vile vile, nota ni zile zile, lakini mdomo wa ala si ule ule na sauti inatoka na makali zaidi. Kama kuna tarumbeta ya kuazima katika bendi, aanze sasa kuibadilisha na korneti kila siku. Kazi atakayoombwa karibu kila mahali ni konseto ya tarumbeta ya Haydn ya mwaka 1796. Aianze polepole. Watu huikimbilia kwa sababu ya mwendo wa mwisho wa kasi, halafu wanaumbuka kwenye ule wa katikati ambako hakuna pa kujificha.

Shida ni ile C, na sitaipaka rangi. Vyuo vya muziki vya Uingereza hutazama odisheni zaidi ya alama, lakini bado vinataka ushahidi wa elimu, na KCSE mara nyingi haihesabiwi sawa na A-level zao. Kwa C ya KCSE, hata hapa kwetu mlango wa shahada umefungwa, kwani shahada inataka C+. Lakini stashahada inataka C ya kutoa, naye ameivuka. Ningekuwa wewe ningemwingiza stashahada ya muziki hapa kwanza, kisha apande hadi shahada, au aombe ng'ambo akiwa na cheti hicho mkononi. Kenyatta University, Technical University of Kenya, Maseno na Kabarak zote zina idara zinazofundisha muziki. Kabla ya kujaza chochote katika tovuti ya KUCCPS, ile inayogawa nafasi za vyuo nchini, mwende idarani wenyewe mkaulize wanapokea stashahada mwaka huu au la, na kama mtoto asiyefanya somo la Muziki katika KCSE anaweza kuingia kwa vyeti vya ABRSM.

Vyeti hivyo avianze mara moja. Ukitaka kufanya gredi ya 6 hadi ya 8 ya ala, lazima uwe umepita gredi ya 5 ya nadharia au mbadala wake, na wengi hukwama hapo: kijana anapiga kama malaika, lakini nadharia hajaigusa. Siku hizi ABRSM pia ina mitihani ya kurekodi video, kwa hiyo hatalazimika kungoja mtahini aje Nairobi.

Jambo la ala lisikutoe jasho bado. Zungumza na kiongozi wa bendi, mweleze mpango wote, umwombe ruhusa ya kuitumia korneti kwa mazoezi ya odisheni. Viongozi wengi watafurahi. Mtoto wao ndiye anayekwenda. Mkija kununua ya mtumba, aende mpigaji mwenzake akakague vali kabla hujatoa hata shilingi. Na kwa kuwa mko Kariobangi, Korogocho ni ng'ambo ya barabara tu: Ghetto Classics imekuwa ikifundisha vijana ala za okestra huko tangu 2008. Aulize pia kuhusu odisheni za National Youth Orchestra of Kenya. Kupiga peke yako na kupiga ukiwa tarumbeta ya pili nyuma ya fidla ishirini ni kazi mbili tofauti, na majopo hutambua mara moja ni nani amewahi kukaa ndani ya okestra.

Mwisho, asidharau bendi za polisi, magereza na jeshi. Zina mshahara, ala na mazoezi ya kila siku.

Mwalimu, nilizaliwa Pangani lakini nililelewa na bibi yangu wa Mombasa kwenye taarab. Naimba taarab kuliko kitu kingine chochote. Nikiomba chuo cha ng'ambo, niimbe Kiswahili au nijifiche kwenye Kiingereza? — Mjukuu wa Bibi

Inategemea unaomba nini. Programu ya tamthilia za muziki itakutaka uimbe nyimbo za tamthilia hizo, na karibu zote ni za Kiingereza. Huwezi kukwepa. Lakini ile video ya ziada ya dakika moja, wengine hujaza vichekesho au sarakasi. Wewe weka ubeti mmoja wa taarab, bila ala kama huna, ukiwa umekaa kama bibi alivyokaa. Hakuna mwombaji mwingine siku hiyo atakayeleta mitetemo hiyo ya koo.

Ukiomba shahada ya uimbaji wa opera na nyimbo za kale, utatakiwa uimbe Kiingereza, Kitaliano, na baadaye Kijerumani na Kifaransa. Hapo Kiswahili kinakubeba. Irabu zetu tano ni safi na zinakaribiana sana na za Kitaliano, na sisi nasi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho kama wao wanavyofanya mara nyingi. Nimewasikia Wazungu wakipigana mwezi mzima na neno ambalo mtoto wa Majengo anatamka sawasawa mara ya kwanza. Kazi yako kubwa itakuwa kuitoa sauti puani. Kwenye taarab pua ni utamu. Kwenye opera mwalimu atakuzuia. Jifunze kuwasha na kuzima, usiruhusu mtu akung'oe kabisa.

Na kabla ya kuvuka bahari, je, umefikiria Unguja? Dhow Countries Music Academy iko Mji Mkongwe tangu 2002, inafundisha taarab na ala zake, udi, kanuni, na watu kutoka duniani kote hupanda ndege kuja kujifunza kile ulichokipata bure sebuleni. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na huko muziki, ngoma na maigizo hufundishwa chini ya paa moja. Mwaka mmoja au miwili huko ungekupa cheti na marafiki, na ukienda mbali zaidi utakwenda ukijua wewe ni nani kwenye jukwaa.

Naishi Pipeline, Embakasi, chumba kimoja, ghorofa ya tano. Nitarekodi vipi video ya mchujo na pampu ya maji, watoto na matatu? Studio ni ghali. — Mwimbaji wa Pipeline

Usiende studio. Vyuo vingi havitaki sauti iliyosafishwa. Wanataka wimbo mmoja bila kukatwa, bila mwangwi wa bandia, wakuone mwili mzima au kuanzia magotini. Simu yako inatosha. Unachohitaji ni chumba kingine. Omba kanisa lako Jumanne saa nne asubuhi, watoto wako shuleni na kwaya haiko. Ukumbi mtupu wenye sakafu ya simenti utakurudishia kelele, kwa hiyo simama karibu na pazia au tandaza mablanketi sakafuni. Taa iwe mbele yako. Dirisha likiwa nyuma yako utakuwa kivuli kinachoimba. Ukuta mtupu nyuma, si kalenda ya benki. Simu ilazwe, yaani picha iwe pana, na iwekwe kimo cha macho juu ya vitabu vya nyimbo kama huna stendi. Muziki wa kukusindikiza utoke kwenye spika iliyo upande wa simu, chini ya sauti yako. Kama unamjua mpiga kinanda, mlipe nauli na chakula cha mchana, arekodi piano peke yake siku moja kabla kwa mwendo wako. Nyimbo za karaoke zenye ngoma na fidla kumi zinakufunika.

Imba mara tano, chagua, nenda nyumbani. Ukifika mara ya kumi na tano, ujue koo limekwisha.

Binti yangu alipata nafasi ya sheria, ameikataa. Anataka shahada ya uimbaji. Mwalimu, hebu niambie ukweli: atakula nini? — Baba, Lang'ata

Baba, ukweli ni kwamba hatakula kazi moja. Atafundisha watoto sauti Jumatatu na Jumatano, ataimba harusi Jumamosi, atatia sauti matangazo ya redio, ataongoza kwaya, atangoja igizo moja zuri kwa mwaka pale Kenya National Theatre. Wanaoishi kwa uimbaji hapa Nairobi, na wapo, ni wale wanaojua kuandika ankara na kuifuatilia. Ukitaka kumsaidia, mfundishe hilo, wewe unayejua.

Kuna mlango mmoja ambao umefunguka zaidi. Tangu Januari 2026 Gredi ya 10 imekuwa na mkondo wa sanaa na michezo, wenye muziki, densi na tamthilia, na mkondo huo unahitaji walimu wenye ujuzi halisi. Ila shahada ya uimbaji peke yake haitamwandikisha TSC, tume inayoajiri walimu. Atahitaji elimu ya ualimu, ama shahada yake, ama stashahada ya uzamili ya elimu baada ya ile ya muziki. Mwambie mapema, asije akajua akiwa na miaka 27.

Na usimwambie aweke sheria kwanza kisha muziki. Sauti ya mwanamke huendelea kukomaa hata baada ya miaka 30, hiyo ni kweli, lakini mikono, masikio na mazoea ya kusoma nota huwa vigumu kujenga mtu akishaanza kuvaa koti la mahakama. Kama hofu yako ni akili yake kulala, mruhusu achague BA ya mtindo wa Marekani badala ya shahada ya muziki pekee. Humo sanaa ni kama theluthi moja ya masomo, na nafasi inayobaki anaweza kusoma uchumi, historia, hata hiyo sheria unayoililia. Eric Wainaina alisomea muziki Berklee, Boston, akarudi kuufanyia kazi hapa hapa. Lupita Nyong'o alianza na jukwaa la Nairobi akiwa msichana wa shule, akasoma Hampshire College, kisha Yale. Siwataji kukuahidi kwamba binti yako atakuwa kama wao. Nawataja kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeiruka shule.

Kuna mtu anasema ana nafasi zilizotengwa kwa Wakenya katika chuo cha muziki Marekani. Sihitaji odisheni, nimtumie tu elfu 85 kwa M-Pesa nipate barua na viza. Nimetuma elfu 20 za kwanza. Niendelee? — Mwenye Haraka, Kasarani

Simama hapo hapo. Programu inayofundisha watu kuimba na haitaki kukusikia ukiimba haipo. Fomu ya I-20, ambayo ndiyo unayokwenda nayo ubalozini, hutolewa na chuo chenyewe baada ya kukukubali na kuona atakayelipa karo. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, nayo unailipa wewe mwenyewe kwa serikali ya Marekani, kwenye tovuti yao, na risiti inabaki na jina lako. Uamuzi wa viza ni wa afisa wa ubalozi peke yake, na hakuna wakala anayeuuza.

Leo hii iandikie ofisi ya udahili ya chuo hicho, kwa anwani utakayoitoa kwenye tovuti ya chuo na si ile aliyokupa huyo bwana, uulize kama wanamjua. Wakisema hawamjui, chapisha ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yenu yote, uyapeleke makao makuu ya DCI, wapelelezi wa polisi, Kiambu Road. Na usimwambie kwamba unakwenda.